Nani Amemfunga Kasuku Mdomo?

Mlimwacha Mama Kasuku kwenye mlango wa bafu, taulo mkononi, macho kwenye bega la mumewe. Nyinyi mkakunja gazeti mkaendelea na shughuli zenu. Yeye bado amesimama palepale.

Kwa ambaye hakuwa nasi, tuseme kwa kifupi. Gari la familia lilitoka barabarani likaingia mtaroni. Ndani yake walikuwemo watu watatu: Mwalimu, ambaye ni mwalimu wa udereva na nusu ya mji imejifunza usukani kwake, mama yake mzazi, na Kasuku, binti wa miaka saba aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kunyamaza. Mama Kasuku hakuwemo. Alikuwa saluni kwake, kichwa cha mteja mikononi, simu ilipolia.

Wote walitoka hai. Mwalimu aliumia mbavu, bibi akavunjika mkono, Kasuku akashonwa nyuzi chache juu ya jicho. Lakini Kasuku alitoka bila sauti. Daktari alisema ni mshtuko, apewe muda. Mama Kasuku aliyaamini maneno ya daktari mpaka alipomsaidia mumewe kuvua shati, akaiona alama ya mkanda wa gari.

Ilishuka kutoka bega la kushoto.

Sasa hebu jishikeni mabega. Dereva hukaa kulia, na mkanda wake huanzia bega la kulia. Mwalimu amewaambia polisi, ameiambia familia, amemwambia kila aliyekuja kutoa pole, kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaendesha, na kwamba lori lilimfungia njia.

"Mbona unaniangalia hivyo?" aliuliza Mwalimu.

"Naangalia kama uvimbe umepungua."

"Umepungua?"

"Unapungua," alisema mkewe, akampa taulo.

Angeweza kumuuliza palepale. Hakumuuliza. Mwongo ukimuuliza mapema unampa muda wa kutunga, na Mama Kasuku alitaka kumkuta mikono mitupu. Kichwani mwake alikuwa ameshapanga yote: palikuwa na mtu mwingine kwenye usukani, mtu huyo alikuwa mwanamke, akatoroka kabla watu hawajajaa, na mama na mwana wakakubaliana kumficha. Msiniulize kwa nini mwanamke. Muulizeni mke yeyote.

Na mtoto? Mtoto aliona. Mtoto mwenye mdomo ule usio na mlango, angemwacha nani? Basi wakamtisha.

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na usiku ule alilala chumba cha mtoto.

Asubuhi alianza na Kasuku mwenyewe. Alimkalisha kwenye zulia katikati ya magoti yake, akachukua chanuo, akaanza kumfumua. Zamani, yaani kabla ya mtaro, hapo ndipo Kasuku alipokuwa anamwaga kila kitu: nani kaiba kifutio cha nani, mwalimu mkuu kapiga chafya mara ngapi, bibi kasema nini kuhusu supu ya mama.

"Siku ile kwenye gari, mlikuwa wangapi?"

Kimya.

"Kuna mtu amekwambia usiseme?"

Mabega madogo yakakakamaa. Mtoto alibana midomo mpaka ikapauka. Alianza kutikisa kichwa, kisha akaacha, kama aliyekumbuka kwamba hata kutikisa kichwa ni kusema.

Chanuo likasimama hewani. Huu si mshtuko, alifikiri Mama Kasuku. Mshtuko haubani midomo namna hii. Mtu amemwamuru mtoto wangu anyamaze.

Alimbusu utosini. "Nitamjua," alimnong'oneza. "Nitamjua, na nitamsimamisha mbele ya watu wote."

Kasuku alimtazama kwa macho makubwa, akatoka mbio nywele zikiwa nusu zimefumuliwa.

Tuwe wakweli, nyumba nzima haikuwa sawa. Lori likipita nje, bibi anaziba sikio kwa mkono wake mzima. Mwalimu, ambaye zamani aliweza kusinzia katikati ya foleni ya magari, sasa honi ikipigwa mtaani mguu wake unakandamiza sakafu chini ya meza mpaka kiti kinarudi nyuma. Mama Kasuku mwenyewe simu ikilia anaomba mtu mwingine apokee. Zamani angewaonea huruma. Sasa aliwaangalia kama mwenye duka anavyowaangalia wateja walioingia na mifuko mikubwa.

Akamfuata mama mkwe sebuleni.

"Mama, njoo nikusuke. Mkono mmoja hauchani nywele."

"Leo sitaki, mwanangu. Kichwa kinauma."

"Kinauma kwa sababu ya hizo nywele. Kaa hapa."

Katika kazi ya kusuka kuna jambo ambalo wenye saluni hawalitangazi. Anayesukwa haoni uso wa anayemsuka. Anaongea na ukuta. Na ukuta huambiwa mambo ambayo mume hayajui na shehe na padri hawajayasikia. Mama Kasuku alimtandikia bibi taulo mabegani, akaanzia kisogoni, mahali ambapo lazima mtu ainamishe kichwa, akapiga mstari wa kwanza taratibu.

"Lile lori lililowafungia njia, Mama, lilitokea wapi?"

"Lori gani?"

"Mwanao amesema lori liliwafungia njia."

"Ah, hilo. Lilitokea mbele."

"Yeye amesema nyuma."

"Basi nyuma. Mimi niliona taa tu."

"Mchana kweupe, Mama, na taa?"

Bibi akameza mate. Usoni mtu anaweza kujikaza, lakini shingo haijafundishwa kudanganya, na shingo ndiyo iliyokuwa mbele ya msusi.

"Niambie jina lake," alisema Mama Kasuku, bado anasuka. "Sitampiga. Nataka jina tu."

"Jina la nani?"

"La huyo mwanamke aliyekuwa kwenye usukani."

Bibi aligeuka kwa kasi, msuko ukaponyoka, taulo likateleza, na kola ya gauni ikavutika pamoja nalo. Kwenye bega la kulia palikuwa na alama. Upana uleule, rangi ileile ya zambarau, ikishukia upande wa kushoto.

Mama Kasuku aliitazama mpaka akili ikakubali.

"Ni wewe, Mama."

Bibi alijifunika. Kisha mama huyu, ambaye tangu ndoa ifungwe hajawahi kumwomba mkwewe hata chumvi, akaanza kulia, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima.

"Nilitaka kujua kuendesha kabla sijafa. Mwanangu amefundisha mji mzima, mpaka muuza mkaa anaendesha, na mimi niliyemzaa nabebwa kiti cha nyuma kama gunia. Nilimwomba anifundishe kimya kimya, kwenye ile barabara mpya isiyo na magari. Niliogopa watu watanicheka."

"Nani angekucheka?"

"Wewe."

Ni kweli angemcheka, na Mama Kasuku alilijua hilo. Kwa kitambo kidogo alisikia faraja tupu. Hakuna mwanamke. Mume wake ni mwongo, lakini amedanganya kwa ajili ya mama yake, na huo ni ugonjwa anaoujua. Kisha hasira ikarudi na nguvu zote.

"Kwa hiyo kwa ajili ya aibu yako, mmemfunga mwanangu mdomo."

"Nani kamfunga?" Bibi alifuta macho. "Kasuku hatujamwambia neno. Tumetolewa kwenye gari anatetemeka, nesi kamuuliza jina hakujibu. Tangu pale. Mimi silali kwa ajili ya mtoto yule."

"Baba Kasuku," aliita Mama Kasuku. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Mwalimu anaiogopa hiyo ndogo kuliko ile kubwa. Alikuja ameshika mbavu. Akaona kichwa cha mama yake, akaona machozi, akaketi.

"Umeambiwa," alisema.

"Nimeona. Hakuna aliyeniambia."

"Mama hana hata kibali cha kujifunza. Ningesema ukweli wangemchukua yeye. Na mwenye wajibu ni mimi, mimi ndiye mwalimu."

"Hayo utajuana na polisi wako. Mtoto mlimwambia nini?"

"Hakuna tulichomwambia."

"Nyinyi wawili mmeimba wimbo wa lori kwa sauti moja mbele ya polisi. Leo mnataka niamini kwamba mtoto hamkumfundisha kiitikio?"

"Mke wangu, na mimi nasubiri aseme. Namsubiri kuliko wewe." Mwalimu akaenda kufunga mlango wa korido, akarudi. "Unatafuta mwenye kosa? Mimi nimeshampata."

Bibi aliacha kulia.

"Mama alikanyaga mafuta badala ya breki. Kila mwanafunzi anafanya hivyo, ndiyo maana kuna breki ya pili upande wangu. Nikaikanyaga. Ikaenda mpaka chini, kama nakanyaga mto wa kulalia. Nikapiga kelele, breki haishiki, breki haishiki, na mtoto yuko nyuma ananisikia." Alipangusa uso. "Jana nimekwenda kuliangalia gari pale lilikovutwa. Kile kichuma kinachounganisha pedeli yangu na breki hakipo. Hakikuvunjika. Kimefunguliwa kwa spana, na nati zimerudishwa mahali pake vizuri kabisa."

Mama Kasuku alilishika chanuo kwa mikono miwili.

"Anayeligusa gari langu ni mtu mmoja tu," aliendelea Mwalimu. "Fundi Spana. Sijui nimemkosea nini. Lakini nimempigia, anakuja mchana huu kutupa pole. Na nimemwalika askari avae nguo za kiraia, akae kwenye kochi kama mgeni. Tutamsikia anavyojibu."

Chanuo lilianguka kutoka mkononi mwa Mama Kasuku, na hakuinama kuliokota.

Jamani, tumwambie msomaji. Gari lile zamani lilikuwa la shule ya udereva. Mwalimu aliponunua jingine, hili la zamani likawa la familia, na akaahidi kuitoa ile pedeli ya pili. Aliahidi, akaahidi tena. Wakati huohuo, kila mkewe akishika usukani, mume kando, mguu tayari. Mke hajafika njia panda, gari limesimama lenyewe. Mbele ya wateja wake. Mbele ya dada yake wa kumfuata, aliyecheka mpaka akalala kwenye kiti. Mwanamke ana leseni, ana saluni, ana watu aliowaajiri, lakini anashikiwa breki kama mtoto anayeshikwa mkono kuvuka barabara.

Basi mchana mmoja akapita gereji na kumwambia Spana akifungue kile kichuma.

"Mwalimu anajua, shemeji?" Spana aliuliza.

"Nitamwambia mwenyewe."

Alipanga amwache mumewe akanyage hewa mara moja tu, mwendo wa pole, karibu na nyumbani, wacheke, yaishe. Ila saluni ilijaa wateja wiki ile, na hawakupanda gari pamoja. Kisha simu ikalia. Na kwa kuwa Mwalimu alisema yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na breki ya dereva haikuwa imeguswa na mtu, mkewe hakuwa na sababu ya kuikumbuka pedeli ya pili hata kidogo. Hata alama ya bega la kushoto ilipomweka mumewe upande wa pedeli hiyo, yeye alikuwa ameshaanza kumtafuta mwanamke. Alikuwa na muda wote wa kuwashuku wenzake.

Sasa aliikumbuka.

"Hukuikagua?" aliuliza. "Wewe huikagua kabla ya kila somo. Unaigonga mara mbili kwa mguu, kila mtu anajua."

Mwalimu aliangalia sakafu. "Kwa wanafunzi, ndiyo. Huyu ni mama yangu. Tulikuwa tunacheka."

Ilikuwa saa ya kusema. Nyinyi mnaosoma mmekaa mtasema angesema tu, na ni kweli, maneno ni mepesi yakiwa kwenye mdomo wa mwingine. Mama Kasuku alimtazama mama mkwe ambaye dakika chache zilizopita alimliza, akamtazama mume aliyemwita mwongo.

"Baba Kasuku," alianza, "kuna kitu..."

Hodi ikapigwa. Alikuwa askari, shati la maua, viatu vya kazi. Mwalimu akamkaribisha kochini, akampa chai, na maneno ya Mama Kasuku yakaishia hapo.

Hodi ya pili, Mama Kasuku alikimbilia mlango yeye mwenyewe.

Spana alisimama nje na mfuko wa machungwa. Alikuwa ameoga na kuchana nywele, ila kucha zake zilikuwa nyeusi kama kawaida.

"Pole sana, shemeji. Nilikuwa safari, nimesikia juzi tu."

"Spana, geuka uondoke."

"Shemeji?"

"Nakuomba. Ondoka sasa hivi, nitakueleza."

"Lakini nimeleta machungwa."

"Karibu, fundi," alisema Mwalimu nyuma yao. "Ingia, ingia. Tulikuwa tunakusubiri."

Spana akaingia. Akampa mkono askari, akampa pole bibi, akashangaa kidogo kichwa chake, akaketi pembeni ya kiti. Mwalimu hakumpa hata maji.

"Fundi, kile kichuma cha pedeli yangu ya pili kiko wapi?"

"Kipo gereji," alijibu Spana bila wasiwasi. "Nimekifunga kwenye kitambaa nikakiweka rafu ya juu. Mnakitaka?"

Askari akaweka kikombe chini.

"Nani alikwambia ukifungue?"

Spana alifungua mdomo, akamgeukia Mama Kasuku kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kueleza. Ndipo alipouona uso wake. Alielewa kwamba Mwalimu hakuwahi kuambiwa. Alielewa pia ajali ilitokana na nini, na rangi ikamtoka.

"Niliambiwa," alisema polepole.

"Na nani?"

"Mwalimu, mimi nafungua magari. Nyumba za watu sizifungui."

"Nimekuuliza nani."

"Na mimi nimeshajibu."

"Na machungwa kaleta," alisema bibi. "Mnafiki hana haya."

Askari alisimama, akatoa kitambulisho. "Breki ya mtu imechezewa na mtoto ameumia. Hilo jina utalikumbuka kituoni. Twende."

Spana aliuweka mfuko mezani taratibu, chungwa lisidondoke. Alisimama. Hakubishana. Alimtazama Mama Kasuku mara moja, bila hasira, akiwa bado anampa nafasi, na Mama Kasuku akateremsha macho kwenye zulia. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini mdomo haukufunguka. Walipofika mlangoni alikuwa anajiambia kwamba atamfuata kituoni kesho, akishatulia, akishapata maneno.

"Mama."

Hakuna aliyetambua mara moja sauti imetoka wapi. Ilikuwa imekwaruza, kama mlango wa chumba kilichofungwa muda mrefu.

Kasuku alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido, nywele nusu zimefumuliwa, mkono kwenye ukuta.

"Amesema," alinong'ona bibi. "Jamani, mtoto amesema."

Mwalimu alipiga magoti bila kukumbuka mbavu zake. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi mbele ya askari. "Sema, mwanangu. Sema na Baba. Sema chochote unachotaka." Hata askari alisimama pale alipo, mkono kwenye kitasa. Mama Kasuku moyo ulimlipuka kwa furaha. Sauti hiyo ndiyo aliyokuwa anaisubiri kila siku tangu mtaro, na alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili kumpokea.

Lakini Kasuku hakwenda kwake, wala hakumwangalia baba yake. Alimwangalia Spana aliyeshikwa mkono mlangoni. Kisha akamgeukia mama yake.

"Ile siri yetu ya gereji, Mama. Uliniambia nisimwambie Baba. Nimenyamaza kabisa isije ikatoka." Alimeza mate. "Sasa naruhusiwa kusema?"

Mwalimu, akiwa bado amepiga magoti, aligeuka kumtazama mkewe.